Mpeleke mzazi wako Makumbusho ya Taifa kabla hujampeleka mtoto

Mchinga (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu, na shikamooni wakubwa zangu wote humu. Nimetoka matembezi ya siku mbili na mama yangu mzazi na binti yangu wa darasa la tano, nikaona nisilale kabla sijayaandika haya. Uzi ni mrefu, mnivumilie.

Mama amekuja kutoka Mchinga, Lindi, kwa ajili ya matibabu ya macho. Ana miaka 74. Binti naye alipewa kazi shuleni kuhusu zana za kale, nikasema basi Jumamosi twende wote Makumbusho. Kosa la kwanza nalisema wazi ili lisikupate na wewe: hapa Dar ukitaja Makumbusho, watu wanaelewa stendi ya daladala. Tulipanda gari la Mbagala–Makumbusho tukashuka Kijitonyama. Makumbusho ya Taifa yenyewe, yale yenye habari za Zinjanthropus, lile fuvu la kale la Olduvai, yako Posta, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na Bustani ya Mimea na chuo cha IFM. Stendi imechukua jina la Kijiji cha Makumbusho, ambacho nacho ni cha taasisi hiyohiyo na kilifunguliwa mwaka 1967. Kwa kuwa tulishafika, tukaingia kijijini. Sijuti, maana kilichonifanya niandike kilitokea pale.

Mle ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa kwa ukubwa wake wa kweli. Kuna tembe la Wagogo, kuna msonge wa Wahaya, kuna nyumba ya Wazaramo na nyinginezo. Unainama mlangoni, unaingia, unanusa udongo na makuti. Katika nyumba mojawapo ya kipwani, ukutani karibu na jiko, palikuwa na kifuko kilichosukwa kwa miyaa, kimefifia rangi. Binti akaniuliza ni cha nini. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni cha kuhifadhia mbegu.

Mama akasema, "Mbegu gani, baba? Hicho si kifumbu?"

Akamvuta mjukuu wake karibu na ukuta. Akamwonyesha msuko ulivyokwenda mshazari, akamwambia umesukwa hivyo kwa makusudi, ili ukikisokota kifuko kinajibana chenyewe na nazi inatoa kila kilichomo. Akamwonyesha ukingo wa mdomo uliokuwa mweusi kuliko sehemu nyingine, "hayo ni mafuta ya nazi, kilitumika hiki." Kisha akasimama katikati ya chumba, mikono mitupu, akakuna nazi hewani, akajaza kifumbu hewani, akakamua. Maji ya kwanza ni kasimele, linawekwa kando. Unaongeza maji unakamua tena, hilo ni tui la pili, ndilo linalopikia. Kasimele linaingia mwisho kabisa chakula kikikaribia kuiva, ukilitia mapema na moto mkali tui linakatika. Na machicha yaliyobaki wanapewa kuku.

Kijana mmoja aliyekuwa anahudumia wageni alisogea akasikiliza mpaka mwisho. Alimwamkia mama, akamwuliza kuhusu chombo kingine, na kingine. Tulikaa katika nyumba ile moja karibu saa nzima.

Mimi nimekula wali wa nazi wa mama miaka yote hii. Neno kasimele nililisahau, na binti yangu hakuwahi kulisikia kabisa. Kwetu Mbagala tunatumia chujio la plastiki, tena mara nyingi ni tui la pakiti. Nikapata uchungu wa kweli kuona kwamba kifumbu kimetunzwa vizuri ukutani, lakini namna ya kukishika imebaki kwa watu wa umri wa mama.

Jumapili tukaenda Posta. Nitaleta sehemu hiyo, ngoja nimpe mama dawa zake za matone.

Jua la Kusi

Tunasubiri mkuu. Hapo kwenye kasimele umenikumbusha bibi yangu, Mungu amrehemu.

Kimara Mwisho

Kiingilio bei gani kaka? Na mtu anafikaje Posta kwa urahisi?

Mchinga (mleta uzi)

Kimara Mwisho, kwako ni rahisi sana: mwendokasi hadi Kivukoni au shuka Posta ya Zamani, halafu unatembea kwa miguu dakika chache kuelekea IFM. Kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni, na wanafunzi wana chao, kwa hiyo beba kitambulisho. Bei sitaki kuitaja hapa ikabadilika kesho mtu akanilaumu.

Naendelea.

Jengo la zamani la Posta ni zuri kulitazama hata kabla hujaingia, lina matao yenye mchoro wa kipwani. Makumbusho yalianzishwa 1934, yakafunguliwa kwa umma 1940 kwa jina la kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Leo kuna na jengo jipya, na jina kamili ni Makumbusho na Nyumba ya Utamaduni. Ukizunguka nje utakuta magari waliyotumia wakuu wa nchi, pamoja na ile Rolls-Royce iliyowabeba magavana wa Kiingereza na baadaye ikambeba Mwalimu Nyerere. Binti alitaka tukae hapo. Mimi nilitaka tuende kwa Zinj.

Wengi tulikariri shuleni "fuvu la mtu wa kale lilipatikana Olduvai" tukaishia hapo. Naomba nieleze vizuri kidogo maana kisa chake ni kizuri. Tarehe 17 Julai 1959 mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alikuwa kambini na homa. Mkewe Mary akatoka peke yake na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye mteremko, na meno mawili makubwa bado yako ndani ya taya la juu. Fuvu lenyewe lilikuwa limevunjika vipande mamia, wakaokota na kuchekecha udongo, wakaviunga kimoja kimoja. Mwezi wa nane mwaka huohuo wakalipeleka kwenye mkutano wa wataalamu Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, watu wakalitazama kwa macho yao. Jina Zinj limetokana na lile jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu, ndilo hilohilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Lilitunzwa Nairobi, na mwaka 1965 likakabidhiwa Tanzania. Mpaka leo mwenye dhamana ya kulitunza fuvu halisi ni Makumbusho yetu ya Taifa hapa Dar.

Ukilitazama usoni, utaona utosini pana ukingo wa mfupa umesimama kama shungi la jogoo. Misuli ya taya ilipanda mpaka pale juu ikajishikiza. Magego yake ni mapana mno, mara mbili ya yetu na zaidi. Kwa muda mrefu walimwita mpasua karanga. Uchunguzi wa kaboni iliyomo kwenye meno ya jamii yake umeonyesha kwamba alikula zaidi nyasi na mafunjo, kutafuna kutwa nzima.

Mama alilitazama muda mrefu kwa yale macho yake ya shida. Kisha akauliza, "Mbona hana taya la chini?"

Nilikuwa nimesoma kibao chote na sikuliona hilo. Ni kweli, lile fuvu la 1959 halikupatikana na taya lake la chini. Miaka mitano baadaye, 1964, Kamoya Kimeu, Mkenya, aliokota taya la chini la jamii hiyohiyo kule Peninj, kando ya Ziwa Natron. Ni la kiumbe mwingine lakini jamii moja. Nilipomweleza mama akasema, "Basi kumbe mtu mweusi ndiye aliyemalizia." Nikamwambia ndiyo mama.

Msafiri wa Kigoma

Mleta uzi nakuheshimu na hongera kwa kumtunza mama. Lakini mimi kama muumini hizi habari kwamba fuvu hilo lina miaka milioni moja na laki saba hunipa shida. Nani alikuwepo akahesabu? Na kwa nini watoto wetu waambiwe babu yao ni huyo mwenye shungi kichwani?

Mchinga (mleta uzi)

Ndugu yangu Msafiri, umeuliza kiungwana na nitakujibu kiungwana. Imani yako siigusi.

Kwanza, Zinj si babu yetu. Wataalamu wenyewe ndivyo wanavyosema. Alikuwa tawi la pembeni lililokauka bila kuacha kizazi, siku hizi wanamwita Paranthropus boisei. Mwaka 1960, palepale Olduvai, ilianza kupatikana mifupa ya kiumbe mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, aliyekuja kuitwa Homo habilis, na huyo ndiye wanayemweka karibu zaidi na ukoo wetu. Maana yake waliishi wawili wa aina tofauti katika bonde moja.

Pili, hesabu ya miaka haikupatikana kwa kukisia. Bonde lile lina tabaka za majivu ya volkano. Ndani ya majivu mna madini ya potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni kwa kasi isiyobadilika. Volkano inapolipuka moto unafukuza agoni yote ya zamani, kwa hiyo saa inaanza upya. Unapima agoni iliyojikusanya, unajua majivu yana umri gani. Walipopima 1961 walipata miaka kama milioni 1.75. Ulimwengu ulishtuka, wengi, wakiwemo wasomi, walidhani umri wake ni mdogo kuliko hapo.

Ukienda pia uzitazame nakala za nyayo za Laetoli. Nyayo zenyewe zilifukiwa tena kule Ngorongoro ili zisiharibiwe na mvua na mizizi, kwa hiyo nakala ndiyo njia yetu ya kuziona. Miaka milioni 3.6 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikanyesha kidogo, yakawa kama saruji mbichi, wakapita viumbe kwa miguu miwili. Binti yangu aliweka mguu wake hewani juu ya unyayo mmoja akaniambia "baba, unanitosha." Hapo hata usipokubaliana na mwaka wowote, utasimama kimya.

Msafiri wa Kigoma

Nashukuru kwa maelezo mkuu. Hilo la kwamba si babu yetu sikuwahi kuambiwa darasani. Nitakwenda nikatazame kwa macho yangu.

Bint Kilwa

Asante sana Mchinga kwa uzi. Naomba niongeze la kwetu, maana watu wakifika pale wanakimbilia fuvu na magari, wanapita vitu vya Kilwa kama vile ni vigae vya jalalani.

Wapendwa, vile vipande vya kaure vya Kichina vinatoka mji ambao msafiri maarufu Ibn Battuta aliufikia mwaka 1331 akausifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, za shaba kwa wingi, na Sultani al-Hasan bin Sulaiman alipiga hata za dhahabu. Sarafu za shaba za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 na askari kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia! Tano. Zilifikaje huko hakuna aliyethibitisha mpaka leo, lakini maandishi juu yake ni majina ya masultani wetu.

Sarafu yenyewe ni ndogo kuliko kucha ya kidole gumba. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuwa kidato cha pili, mwalimu akatuharakisha twende kwenye basi. Nilirudi peke yangu nikiwa mtu mzima. Ukiinama vizuri utaona maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, na upande mmoja una jina la sultani. Fundi aliyeyachonga kwenye kipande kidogo vile alikuwa na jicho na mkono.

Mwalimu wa Zamu

Bint Kilwa, umenigusa pabaya hapo kwenye kuharakishwa, maana mimi ni mwalimu wa historia na nimewahi kuwa yule mwalimu wa basi. Wanafunzi 90, walimu watatu, saa mbili tu za kuwa ndani. Watoto wanakimbilia kunakili vibao kwenye daftari ili wapate alama, wanatoka hawajatazama kitu chochote. Nimesoma habari ya kifumbu mara tatu leo. Mleta uzi, kwa uzoefu wako huo wa siku mbili, ungenishauri nini?

Mchinga (mleta uzi)

Mwalimu, shikamoo. Mimi si mwalimu, lakini nitakwambia nilichoona. Tulipofika mbele ya kitu, mama hakusoma kibao kwa sababu macho yake hayaoni maandishi madogo. Alikitazama kitu chenyewe. Ndiyo maana aliona taya halipo, na aliona mafuta kwenye ukingo wa kifumbu. Mimi mwenye macho mazima nilikuwa nasoma.

Jaribu kuwaambia watoto wasiandike chochote nusu saa ya kwanza. Kila mmoja achague kitu kimoja, akichore. Halafu chukua bibi au babu mmoja wa mwanafunzi, mlipieni nauli, mwende naye. Nina hakika kila shule ina bibi mmoja wa namna hiyo.

Mdau wa Magharibi

Mimi nipo Ujerumani, mwaka wa sita sasa. Mchinga, uliposema mama ni wa Mchinga, Lindi, nilishtuka. Tendaguru, kule ilikochimbwa mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria), si huko kwenu?

Mchinga (mleta uzi)

Ndiyo mdau. Tendaguru iko upande wetu, ni mwendo wa siku chache kwa miguu kutoka mjini Lindi. Nilikuwa nasubiri mtu aulize maana hili ndilo lililomtoa mama machozi Jumapili.

Tulipokuwa kwenye sehemu ya enzi za Wajerumani, nikamweleza binti kuhusu vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. Mama akasema vita vile viliacha njaa, watu wakala mizizi, na baada ya njaa ndipo wakaja Wajerumani wengine kutafuta mifupa. Babu yake mzaa mama alikuwa mbebaji. Alikuwa akisimulia kwamba walibeba mifupa iliyofungwa kwa mianzi na udongo, mizigo mingine watu kadhaa kwa mzigo mmoja, siku nne hadi bandarini Lindi, wanapokewa, wanarudi kuchukua mingine. Watoto walimwuliza ni mifupa ya nini akasema hawakuambiwa.

Historia iliyoandikwa inakubaliana naye. Mhandisi wa madini, Bernhard Sattler, ndiye aliyeripoti mfupa mkubwa mwaka 1906. Uchimbaji ulianza 1909 chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, ukaenda hadi 1913. Mamia ya watu wetu walichimba na kubeba, zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikasafirishwa kwenda Berlin. Mama alizunguka chumba kile akitafuta ile mifupa aliyoibeba babu yake. Ilibidi nimwambie haiko hapa.

Mdau wa Magharibi

Mkuu, nimesimama chini ya yule mjusi mkubwa wa Tendaguru mara nyingi. Yuko ukumbi wa kwanza kabisa, ukiingia tu Museum für Naturkunde, yale makumbusho ya Berlin. Kimo chake ni mita 13.27, kichwa kinakaribia paa la kioo. Walimsimamisha mwaka 1937. Jina lake la kitaalamu siku hizi ni Giraffatitan, jitu la twiga. Mfupa wa mkono wa juu peke yake ni zaidi ya mita mbili, mimi nikisimama karibu naufikia pungufu ya kichwa na kitu.

Naomba umwambie mama mambo mawili. La kwanza, yale mafurushi ya mianzi aliyosimulia babu yake ni ya kweli kabisa, baadhi yalikaa kwenye ghala Berlin miongo mingi bila kufunguliwa. La pili, kuna jina moja la mtu wetu linalotajwa waziwazi kwenye kumbukumbu za uchimbaji ule, Boheti bin Amrani. Alikuwa msimamizi mkuu wa vibarua na fundi wa kutoa mifupa kwenye udongo bila kuivunja. Wale Wajerumani walimtegemea yeye.

Kila ninapokwenda naona watoto wa Kijerumani wamelala chali sakafuni wakimtazama kwa juu. Wanafurahi sana. Nawaza watoto wa Lindi.

Jembe Halimtupi Mkulima

Warudishe tu! Hakuna mjadala. Ni mali yetu.

Bint Kilwa

Kaka Jembe, moyo wangu uko na wewe. Lakini mfupa wa miaka milioni 150 unahitaji jengo, unyevu unaopimwa, wataalamu wa kuutazama kila siku. Suala hili limewahi kuulizwa hata bungeni. Mimi naona tudai, na wakati tunadai tujenge kituo Lindi chenye nakala kamili ya mifupa, na vijana wetu wakasomee kazi ya kuchimba na kutunza. Mtoto wa Lindi asisubiri nchi mbili zikubaliane ndiyo aone kimo cha kitu kilichotoka nyuma ya nyumba yao.

Jembe Halimtupi Mkulima

Nakala si kitu chenyewe dada. Babu yake Mchinga hakubeba nakala.

Bint Kilwa

Hapo sina jibu kaka.

Ngara wa Nairobi

Habari zenu ndugu zangu wa Tanzania. Nasoma hii nikiwa Nairobi na nimefurahi mlivyomtaja Kamoya Kimeu. Huyo ndiye aliyeona kwanza mabaki ya mtu wa kale anayeitwa mvulana wa Turkana mwaka 1984, pale Nariokotome, kipande kidogo cha mfupa wa kichwa kati ya changarawe. Mifupa yake karibu mwili mzima iko kwa museum yetu hapa Nairobi, na imehifadhiwa kwa chumba chenye ulinzi. Pia kuna Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi kwa amri ya rais mpaka akafa kifo chake mwenyewe 1974. Pembe zake zilikuwa karibu ziguse chini.

Nilimpeleka babangu mwaka uliopita baada ya kusumbuana naye sana, alikuwa akisema hayo ni mambo ya watalii. Alipofika kwa Ahmed akatoa kofia. Alikuwa amemwona ndovu huyo akiwa hai, akiwa kijana anaendesha lori njia ya Marsabit! Miaka yangu yote hakuwahi kuniambia.

Mchinga (mleta uzi)

Ngara, asante sana. Nisalimie mzee wako.

Wakuu, jana usiku nilimsomea mama majibu yenu yote. Aliposikia jina la Boheti bin Amrani aliniambia nirudie. Akalitamka mwenyewe mara mbili. Akauliza ni wa ukoo upi, ana wajukuu wapi. Kisha akamwita binti, akamwambia achukue daftari aandike jina la yule babu yake mbebaji, na jina la baba yake babu, na kijiji, ili naye awe ameandikwa mahali. Binti ameandika ukurasa uleule aliochora kifumbu.

Kitu kimoja zaidi sikukitaja. Katika uwanja wa makumbusho pale Posta kuna kumbukumbu ya mlipuko wa ubalozi wa Marekani wa tarehe 7 Agosti 1998. Msiipite haraka. Mama alikaa hapo akasoma dua. Ndugu zetu 11 walikufa siku ile hapa Dar.

Kimara Mwisho

Nimekwenda jana na baba. Kwenye gari la Mwalimu alisimama kama askari. Asante kwa uzi.

Mwalimu wa Zamu

Wakuu, narudi na ripoti, wiki tatu zimepita. Mkuu wa shule alikubali. Tumekwenda Kijiji cha Makumbusho na wanafunzi 40 tu badala ya 90, na bibi wa mwanafunzi wetu mmoja, mwenyeji wa Bagamoyo. Nusu saa ya kwanza hakuna kuandika, kama alivyoshauri Mchinga. Walilalamika dakika tano za mwanzo, baadaye wakatulia wakachora.

Bibi alikaa kwenye kigoda akaomba mbuzi ya nazi, akawaonyesha wasichana na wavulana namna ya kuikalia. Kuna mvulana msumbufu sana darasani kwangu, aliuliza maswali mengi kuliko wote. Tulichelewa kuondoka, safari hii si kwa sababu ya basi.

Sasa tumekwama na neno moja. Mtoto mmoja amechora kijiko kikubwa cha kifuu cha nazi chenye mpini mrefu wa mti. Nusu ya darasa wanasema ni upawa, wengine wanasema ni kata. Bibi alishaondoka na simu yake haipatikani. Picha hiyo hapo chini. Mchinga, naomba umwulize mama.

Mchinga (mleta uzi)

Mwalimu nimemwonyesha, ameisogeza simu karibu na jicho la kulia ambalo sasa linaona vizuri. Anasema tazama kina. Kifuu kikiwa kifupi, kimekatwa chini, huo ni upawa, wa kupakulia mchuzi. Kikiwa na kina, kifuu karibu kizima, hiyo ni kata, ya kuchotea maji mtungini. Anasema mtoto wako amechora vizuri, hiyo ni kata.

Na anauliza kama pale jirani waliuona mtungi.